Dozi 30 au maboksi 30? Kwa nini mifumo ya kompyuta ya zahanati haisomani

Kila tunapofanya kipindi cha afya, kuna swali ambalo wasikilizaji wa Kipatimu na vijiji vya jirani hutuletea kwa ujumbe mfupi. Wanasema hivi: siku hizi kila kitu kipo kwenye kompyuta na vishikwambi, sasa kwa nini nesi bado anamwandika mtoto mmoja sehemu tatu? Na kwa nini dawa inakwisha zahanati hii wakati zahanati ya pili imejaa?

Dawa zinakwisha kwa sababu nyingi. Fedha ni mojawapo, na barabara ya kutoka Njia Nne wakati wa masika ni nyingine. Hizo tumezizungumza hewani na tutazizungumza tena. Leo tunataka kueleza sababu moja ambayo haionekani kwa macho: programu za kompyuta zinazotumika katika sekta ya afya ziliandikwa na watu tofauti, kwa fedha tofauti, na kwa miaka mingi kila moja ilikaa kivyake. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba mifumo yake yote "isomane", na neno hilo limekuwa maarufu hata bungeni. Wengi wanafikiri kusomana ni kuunganisha nyaya mbili basi. Si hivyo.

Mifumo yenyewe ni ipi

Tuanze na ule mnaoufahamu. Ukienda zahanati kutibiwa unaandikwa kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi mhudumu anahesabu mistari, anajaza fomu ya muhtasari, na takwimu zile zinaingizwa kwenye programu iitwayo DHIS2. Programu hii asili yake ni Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994, ambapo wataalamu walitaka nchi nzima iwe na takwimu za afya za namna moja. Baadaye iliendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway kwa kushirikiana na vyuo vya nchi nyingine, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoibeba. Kufikia 2013 ilikuwa imeenea nchini.

Hiyo ni ya takwimu za wagonjwa. Dawa zina mfumo wao, eLMIS, ambao unapokea fomu ya ripoti na maombi kutoka kituoni: mlianza na kiasi gani, mmetumia kiasi gani, kimebaki kiasi gani, mnaomba kiasi gani. Chanjo zina mfumo mwingine, VIMS, unaofuatilia chupa za chanjo na majokofu. Kuna daftari la kielektroniki la watoto wanaochanjwa, TImR, lililoanzia Arusha. Hospitali na vituo vingi vina programu ya kusajili wagonjwa na kukusanya malipo, GoTHOMIS, iliyo chini ya TAMISEMI. Na Bohari ya Dawa, MSD, ambayo kanda yake ya Mtwara ndiyo inayotuhudumia watu wa Lindi, ina programu yake ya biashara ya kutunza maghala na hati za malipo.

Hesabu mwenyewe. Mtoto mmoja akichanjwa surua, tukio lile linagusa kitabu, takwimu za mwezi, hesabu ya chupa na daftari la watoto.

Huria maana yake nini

Programu kadhaa kati ya hizo ni programu huria. Maana yake maandishi yaliyotumika kuiunda programu yako wazi: yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kuyatumia bila kulipa ada ya leseni. Kwa nchi kama yetu faida yake ni kubwa. Huhitaji kulipia kila kompyuta ya kila zahanati, na mtaalamu wa Dar es Salaam anaweza kurekebisha kitu bila kumsubiri mwenye kampuni Ulaya.

Uhuru huo una gharama yake, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Chukulia fundi mmoja amechora ramani nzuri ya nyumba, akaiacha wazi kwa kila mtu. Ndugu wawili wanaichukua. Wa kwanza anaongeza baraza mbele, wa pili anahamisha mlango upande wa pili na kuongeza vyumba viwili. Miaka mitano baadaye baba anasema, "Nataka ramani moja, nimechoka kuwalipa mafundi wawili." Mtaweka mlango wapi? Baraza la huyu linapita palepale penye chumba cha yule.

Ndivyo ilivyotokea kwa programu ya dawa. Mwaka 2011 mashirika kadhaa yalianzisha OpenLMIS, programu huria ya kusimamia ugavi wa dawa katika nchi za kipato cha chini. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuichukua, na eLMIS yetu imetokana na hiyo. Ilikuwa kazi ya haraka, dawa haziwezi kusubiri. Kila nchi ilikuwa na fomu zake na taratibu zake, kwa hiyo kila nchi ilikata tawi lake kutoka kwenye shina na kuanza kulirekebisha. Msumbiji nayo ikafanya hivyo. VIMS, ule mfumo wa chanjo, nao ulijengwa juu ya maandishi ya eLMIS.

Mwanzoni matawi yanafanana, na mtu anaweza kubeba rekebisho kutoka tawi moja kulipeleka lingine. Baada ya muda haiwezekani tena. Watu wawili wamebadilisha mstari uleule kwa namna mbili. Jedwali la dawa la huku lina safu ambayo kule haipo. Kosa la usalama likigunduliwa kwenye shina, kila tawi linapaswa kulirekebisha kwa mkono wake. Wasimamizi wa OpenLMIS walifika mahali wakaona kuunganisha matawi ni kazi ngumu kuliko kuanza upya, wakaandika toleo la tatu, lililotoka 2017. Safari hii waliigawa programu vipande vidogovidogo vinavyojitegemea, ili nchi ikitaka kubadilisha kipande kimoja isilazimike kukata shina lote.

Ulikuwa uamuzi wa busara, lakini kwa nchi ambayo tayari ina toleo la zamani kwenye maelfu ya vituo, kuhamia toleo jipya si kubonyeza kitufe. Kuna miaka ya kumbukumbu za kuhamisha, kuna watu wa kufundisha upya, na kuna mambo mliyojiongezea wenyewe ambayo toleo jipya haliyajui.

Tatizo ni la dunia nzima

Tusije tukajiona sisi ndio tumeshindwa. Wataalamu wakubwa wa programu huria duniani wana tatizo hilohilo kwa zaidi ya miaka 25, na lao linahusu namna ya kufunga programu ili zisakinishwe kwenye kompyuta.

Programu haisafirishwi ikiwa imetawanyika. Inafungwa kwenye kifurushi (si kile cha bando mnachonunua kwa wakala) ambacho ndani yake kuna mafaili pamoja na orodha ya vitu vingine ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi. Katika kompyuta za Linux kulizuka familia kubwa mbili za vifurushi. Moja ni ya Debian, mradi ulioanza 1993, na Ubuntu, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ilitokana nayo. Nyingine ni ya Red Hat, kampuni ya Marekani. Kazi yao ni moja. Lakini kitu kilekile Debian wanakiita libssl-dev na Red Hat wanakiita openssl-devel, kwa hiyo orodha ya mahitaji ya huyu haisomeki kwa yule.

Ipo programu ya kubadilisha kifurushi cha upande mmoja kiwe cha upande wa pili. Inafungua mzigo na kuufunga upya vizuri tu, tatizo linabaki kwenye majina. Na ukisema utaweka wasakinishaji wote wawili kwenye kompyuta moja, kila mmoja anakuwa na leja yake. Ni kama stoo moja yenye watunza stoo wawili, kila mmoja na daftari lake, na hakuna anayesoma la mwenzake. Huyu anatoa kitu ambacho yule ameandika kipo.

Mwaka 2001 walitoa kanuni ya pamoja, Linux Standard Base, na kwenye suala la vifurushi wakachagua aina ya Red Hat. Debian waliifuata nusunusu kwa miaka kadhaa, halafu 2015 wakaacha kabisa kuihangaikia. Baada ya hapo zikaja njia mpya za kufunga programu zilizokusudiwa kufanya kazi kwenye kompyuta zote, Flatpak na Snap. Za zamani hazikuondoka. Aliyetaka kumaliza ugomvi wa mifumo miwili leo ana mifumo minne.

Hata simu yako ya mkononi inakuonyesha jambo hili. Umerushiwa programu na rafiki kwa Xender ili usile bando. Baadaye unajaribu kuisasisha kutoka Play Store na simu inagoma, inasema programu haikusakinishwa. Mara nyingi sababu ni muhuri. Kila kifurushi cha Android kinapigwa muhuri wa siri na aliyekitengeneza, na simu haikubali toleo jipya lenye muhuri tofauti na wa toleo ililo nalo. Ile uliyorushiwa ilifungwa na mtu mwingine. Jina ni lile, picha ni ile, lakini kwa simu hizo ni programu mbili za watu wawili. Inakubidi uifute ya zamani, na ukifuta unaweza kupoteza kilichokuwa ndani. Hapo simu inakulinda, maana aliyeifunga upya angeweza kutia kitu kibaya.

Hesabu ya dawa mseto

Turudi stoo ya zahanati, maana hapa ndipo pa kuangalia kwa makini.

Dawa mseto ya malaria, ALu, inakuja katika karatasi za vidonge kulingana na uzito wa mgonjwa. Mtoto mdogo kabisa anapewa vidonge 6, wa juu yake 12, halafu 18, na mtu mzima 24. Karatasi hizo zinafungwa kwenye boksi la dozi 30. Sasa mhudumu anapoandika "30", anamaanisha nini? Mfumo mmoja unaweza kuhesabu vidonge, wa pili dozi, wa tatu maboksi. Dozi 30 za mtu mzima ni vidonge 720. Maboksi 30 ni dozi 900. Mifumo miwili ikiunganishwa bila kukubaliana kipimo, kituo kilichoomba dozi 30 kinaweza kuonekana kimeomba dozi 900, au kilichoomba maboksi 30 kikapewa boksi moja katikati ya msimu wa malaria.

Kompyuta haitashtuka. Kwake 30 ni 30. Binadamu wa zamani aliyekuwa akipitisha fomu kwa mkono angesema, "Hawa wa zahanati hii hawawezi kutumia kiasi hiki," akapiga simu. Tukimtoa mtu huyo tukaweka waya, inabidi ule ukaguzi wake uandikwe ndani ya programu, na anayeuandika ajue stoo inavyofanya kazi.

Chanjo nazo zina la kwao. Chupa ya BCG ina dozi 20, ya surua-rubela ina 10, na zikishafunguliwa zina saa chache tu. Siku waliokuja kliniki ni watoto wanne, mfumo wa stoo unasema chupa moja ya BCG imetumika, daftari la watoto linasema wamechanjwa wanne. Zote mbili zinasema kweli. Asiyejua atadhani dozi 16 zimeibwa.

Halafu kuna majina. Lindi ni mkoa, Lindi ni manispaa, na iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi sasa inaitwa Mtama. Kilwa ni wilaya, lakini pia kuna Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Kilwa Kisiwani. Mfumo ulioandikiwa kabla ya mabadiliko unalo jina la zamani, ulioandikwa baadaye unalo jipya, na kituo ni kilekile. Ndiyo maana Wizara ya Afya ilitengeneza daftari la vituo ambamo kila kituo kina namba yake, na mifumo inapaswa kutaja namba, si jina. Kazi haikwishi hapo, kwa sababu lazima mtu akae na kulinganisha orodha za zamani na namba mpya, kituo kimoja kimoja.

Kwa watu ni vigumu zaidi. Pwani hii tuna Mohamedi, Muhamadi na Mohammed ambao ni mtu mmoja aliyeandikwa na manesi watatu. Tunao pia akina Asha Saidi ishirini ambao ni watu ishirini. Mfumo ukiunganisha Asha wawili kuwa mmoja, mtoto ambaye hajachanjwa anaonekana amechanjwa. Ukishindwa kumtambua Mohamedi, anachanjwa mara mbili na wilaya inaonekana imevuka lengo.

Mshenga badala ya ndoa

Kwa sababu hizi, wataalamu wengi wa afya wameacha wazo la mfumo mmoja utakaomeza yote. Wanachofanya ni kuweka programu ya katikati inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja, inahakikisha umekamilika, inaugeuza kuwa lugha ya mfumo wa pili na kuupeleka. Kwa maneno yetu ni mshenga. Upande mmoja hauhitaji kujua mambo ya ndani ya upande wa pili. Programu huria moja ya aina hiyo, OpenHIM, imetoka kwa shirika la Jembi la Afrika Kusini, lilianza kuitumia Rwanda, na Tanzania imeitumia kupitisha taarifa za hospitali. Kwa upande wa serikali nzima, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia mifumo ya taasisi za umma, ikiwa ni pamoja na kupeana taarifa.

Maoni yetu ni kwamba njia ya mshenga ni nzuri kuliko kulazimisha ndoa. Lakini mshenga naye anahitaji kutunzwa. Mfumo mmoja ukibadilisha fomu yake bila kumwambia, ujumbe unakwama katikati, na zahanati inabaki ikiamini maombi yake yamefika.

Hapa ndipo fedha inapoingia. Mfadhili hupenda kulipia kitu kipya chenye jina na uzinduzi. Kulipia mtu wa kukaa miaka kumi akilinganisha namba za vituo na kurekebisha matawi hakuna anayekupigia makofi. Ugavi wa dawa kwa kompyuta ulijengwa kwa msaada mkubwa wa Marekani, na Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake mingi ya nje. Kwa programu ya kununua, mwenye mali angeweza kuifunga. Kwa programu huria, maandishi yanabaki mikononi mwetu, hakuna anayeweza kuyadai. Swali linahamia kwa watu: je, wapo vijana wa kutosha walioajiriwa hapa nchini wanaoyajua maandishi hayo mstari kwa mstari?

Kuna pia suala la siri. Mifumo ikisomana, taarifa za mgonjwa zinasafiri mbali zaidi kuliko kitabu kilichofungwa kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Unayo haki ya kuuliza zako zinapelekwa wapi.

Unachoweza kufanya wewe

Tunza kadi ya kliniki ya mtoto na uende nayo kila safari, hata ukiambiwa mambo yote yapo kwenye kishikwambi. Mifumo miwili ikipingana, kadi ndiyo inayoamua. Jina la mtoto liandikwe kwa herufi zilezile kila mara, na kama amesajiliwa RITA lifuate cheti cha kuzaliwa. Ukibadilisha namba ya simu, mwambie nesi.

Kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na wajumbe hao hushuhudia mzigo wa MSD unapopokelewa. Ukiwa mjumbe, usihesabu makatoni pekee. Omba uonyeshwe fomu ya maombi na hati ya kupokelea mzigo ziwe pamoja, angalia kipimo kilichoandikwa kando ya kila namba, na uulize mganga mfawidhi: hii 30 ni ya vidonge, ya dozi au ya maboksi?